Msoma Alama Aliyesubiri Kuitwa

Asubuhi ya kwanza ya kupokea ufuta ghalani Nambilanje, programu yangu iligoma. Nilikuwa nimeiandika kwa Java, lugha ya kompyuta, ili ichape kadi za magunia. Karani wa chama cha wakulima, mama mmoja wa makamo, ndiye aliyeitetea mbele ya kamati. Kamati yenyewe ilikuwa njiani kutoka Ruangwa mjini, ingefika saa nne. Kadi zisipotoka, aibu ingekuwa yake.

"Mwalimu, hiyo mashine inafanya kazi au inasali?" aliniuliza. Foleni nzima ikacheka.

Sikucheka. Kompyuta ya zamani ilikufa, na kule Nachingwea niliweka Java mpya kwenye nyingine. Tangu hapo, siku mbili mfululizo, kila nikiijenga programu, yaani kuigeuza iwe tayari kufanya kazi, naambiwa kuna faili hazionekani. Nilifuta, nikaandika upya, nikafuta tena. Nilimficha mama hayo yote, nikidhani nitamaliza.

"Basi nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako," akasema, akivuta kigoda.

Nikamwonyesha magunia. Kila mkulima ameandika alama yake kwa mkaa. Alama haibadilishi ufuta. Msoma alama hupita, huisoma, kisha huandika karatasi mpya. Gunia lenyewe haligusi. Kwenye Java nami naweka alama juu ya vipande vya programu. Wakati wa kuijenga, kabla haijaanza kazi, msoma alama wake huzipitia na kuniandikia faili mpya. Akikuta alama imekosewa, analalamika hapo hapo, kama kosa la gunia linaloonekana kabla lori halijaondoka.

"Si ungeandika mwenyewe tu?"

"Zingekuwa faili tatu, ningeandika, mama. Wengine wanasema mtindo huu umepitwa na wakati. Lakini zangu ni arobaini, zinafanana, na mkono ukichoka unakosea."

"Na huyo msomaji wako yuko wapi?"

"Yumo humo humo."

"Hata wangu yumo humu humu." Akamwonyesha kwa kidevu mwanamume aliyeegemea mizani, macho kwenye simu. "Lakini hainuki mpaka nimwite. Wako umemwita?"

Nikaigeukia kompyuta. Java ya zamani ilimwamsha yenyewe kila ilipomkuta. Hii mpya husubiri amri. Nilishawahi kulisoma hilo mahali, nikalipuuza. Nikaongeza neno moja kwenye amri ya kujenga programu. Makosa yote yakatoweka. Siku mbili za maisha yangu, neno moja!

Kadi ya kwanza ilitoka gari la kamati likikata kona. Mama akaipeleka kwenye gunia, akailinganisha na mkaa. Kisha akatoa daftari la kuandikia magunia kwa mkono, alilolifunika kwa khanga tangu alfajiri, akalisukumia kabatini.

"Kumbe hukuniamini?"

"Wewe nilikuamini, mwanangu. Huyo anayesubiri kuitwa ndiye ninayemjua." Akageukia mizani. "Na wewe, weka simu chini! Wageni hao."