Mabua ya Shangazi Hakitupwi

Shangazi yangu hatupi kitu. Fulana ikichanika huwa dekio, na dekio likichoka huwa kamba ya mbuzi. Sisi watoto wa mdogo wake tulimwita Hakitupwi, na alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Yeye alilima alizeti shamba la juu. La chini lilikuwa la baba yangu, fundi umeme mjini, aliyemwachia amtunzie mpaka atakapostaafu. Baba alikuwa na hamu moja tu maishani, kulima karoti. Akianza habari za karoti, mama alikuwa anahama sebuleni.

Mwaka wa mwisho kabla baba hajarudi, alizeti za shangazi zilianza kunyauka zikiwa zimesimama. Mashina yalipauka, yakalainika, yakaota utando mweupe kama pamba. Alipopasua moja akakuta ndani punje nyeusi, ngumu. Akasema ni mavi ya panya, akaazima paka kwa jirani. Paka akanenepa, alizeti zikazidi kuanguka.

Mavuno yakawa haba, lakini mabua yalikuwepo, na Hakitupwi ni Hakitupwi. Aliyabeba kichwani mzigo baada ya mzigo, akayatandaza shamba lote la chini ili udongo wa mdogo wake usikauke. Ilikuwa zawadi. Hilo naomba lisisahaulike.

Baba akarudi, akapanda. Karoti zikachipua vizuri, kisha majani yakalala. Ukizing'oa zimeoza, zimevaa utando uleule mweupe. Bwana shamba alipoitwa, aliokota bua kuukuu akalipasua kwa kisu.

"Haya yalitoka wapi?"

"Kwangu," shangazi akajibu. "Yana mavi ya panya tu hayo."

"Si panya, mama. Ni ukungu. Hizi punje ndizo mbegu zake, na zinalala ardhini miaka na miaka. Alizeti inaugua, karoti inaugua, hata maharage. Ungeyang'oa ukayachoma kulekule. Sasa hapa pandeni mahindi tu."

"Mpaka lini?" baba akauliza.

Bwana shamba akaziangalia mvi zake. "Muda mrefu, mzee wangu."

"Basi mahindi, dada," baba akasema. "Kwani mahindi si chakula?"

Majuto ni mjukuu. Siku hizi shangazi anachoma kila bua, hata lisilo na ugonjwa, na moshi wake unatukera sote. Mahindi ya baba yanastawi, na kila mavuno gunia la kwanza humpelekea dada yake. La safari hii nililipeleka mimi. Nikalikuta la mwaka jana pembeni ya mlango, halijafunguliwa.

"Mwambie baba yako anitukane," shangazi akaniambia. "Mara moja tu, anitukane nipumzike."

Nikaufikisha ujumbe. Baba akaniambia nimpelekee gunia jingine.