Maiki Iliyohamia Jikoni

Msinionee huruma. Mimi fundi redio wa Kibiti, bingwa wa kujisifu, niliunda maiki isiyo na waya kwa harusi ya shemeji yangu kule Mtawanya. Ndani yake mna sakiti inayotoa mawimbi, na volti ndiyo usukani: volti ikishuka, masafa, yaani namba ya stesheni, nayo yanashuka. Nalijua hilo, na huwacheka wasiolijua. Halafu bingwa nikatia betri kuukuu.

Mshenga anatoa shukrani, spika zikanyamaza. Nikaichukua maiki, nikajua imekufa, wala sikuizima. Nikaketi nayo kwenye sinia, nikamnong'oneza rafiki yangu Shabani: "Pilau gani hii? Nyama ngumu kama kandambili! Hata kuku wangu wataisusa."

Hapo ndipo nikagundua taarabu ya redio kule jikoni haisikiki tena. Akatoka mama mkwe, mwiko mkono huu, redio mkono huu. Kumbe maiki haikufa. Masafa yalikuwa yameziacha spika, yakateremka hadi kwenye stesheni waliyokuwa wakiisikiliza wapishi.

Akaniinamia. "Mkwe wangu, hao kuku wako hula nini?"

Swali nikalisikia mara mbili: kinywani mwake, na kwenye redio aliyoishika.