Nyanya wa Wusi na Hereni Yangu ya Akriliki

Watu wangu, leo nyanya amenimaliza.

Mnajua masikio yangu, yale matundu niliyopanua mpaka kidole kinapita. Navaa hereni nene za akriliki, zinang'aa kama kioo.

Asubuhi tukapanda mlimani Wusi na mama kumwona nyanya, mamake baba. Njia nzima ni onyo tu: "Funga kitambaa vizuri, kifunike masikio. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, usimpandishe presha!"

Nikafunga. Lakini nikiinama kupuliza moto jikoni, kitambaa kikateleza. Hereni nje!

Mama akaanza kukoroga chai ambayo hata haijatiwa sukari.

Nyanya akaniangalia weee. Halafu akafungua kilemba chake. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kumwona bila hicho kilemba.

Jamani. Masikio yamening'inia karibu yaguse shingo, na matundu ni kama yangu!

"Zangu zilikuwa za shanga, nzito," akasema. "Nilizivua siku ya ubatizo wangu. Hebu lete hiyo."

Nikatoa moja, nikaiosha. Akaipima kiganjani.

"Ni kioo?"

"Ni plastiki, nyanya."

"Nyepesi hivi!"

Akaivaa mwenyewe, bila kujitazama kwenye kioo, bila kupapasa. Mikono ilikuwa bado inakumbuka.

Mama, kwa sauti ndogo: "Na kanisani, mama?"

"Mungu ameyaona haya matundu miaka yote. Ni nyinyi hamkuyaona."

Nimeshuka Voi sikio moja wazi, hereni amebaki nayo. Ya pili ameagiza, na anataka nyekundu.

Nani anajua zinauzwa wapi hapa mjini?