Mgeni Aliyechora Ukuta wa Nekesa

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu huku karibu na Khayega, na jua lilikuwa bado liko juu. Sikuwa nimelewa. Pombe niliiacha kabla binti yangu hajaanza shule, na hata wale wasionipenda hapa kijijini watakuambia hivyo. Sikuwa na homa pia. Nayasema mapema kwa sababu wengi niliowasimulia hunisikiliza mpaka mahali fulani, kisha hunishika bega na kusema, "Pole, mzee, ni uchungu." Uchungu naujua. Hili ni jambo lingine.

Mke wangu aliitwa Nekesa. Alitoka kwa watu wa Matungu, kwenye miwa, akaolewa huku kwetu. Nyumba yetu ni ya udongo na mabati, na ukuta wa mbele ulikuwa wake. Wanawake wengi hapa hukandika ukuta mwezi wa Desemba ili Krismasi ikute nyumba ni safi. Wakimaliza wanapaka mstari mweusi chini, basi. Nekesa alikuwa anachora. Udongo mwekundu aliuchimba pale barabara ilipokata kilima, mweupe aliutoa kijitoni, na mweusi aliutengeneza kwa masizi ya sufuria. Hakutumia brashi, alitumia vidole. Alichora kuku, vikombe vya chai, watoto wakienda kanisani. Mwaka mmoja alinichora mimi nimelala chini ya kiti, mdomo wazi, na wageni wa Krismasi walicheka mpaka nikaenda kukaa na ng'ombe.

Kisha akaugua, akafa. Tukamzika kando ya nyumba, upande wa migomba. Watu wakakaa nami siku zao, tukanyolewa nywele, wakaondoka. Binti yetu Jentrix akarudi kwa mumewe kule Lugari. Nikabaki mimi na ule ukuta, nao ukaanza kupasuka. Huku kwetu mwanamume hakandiki ukuta, na sikutaka mwanamke mwingine aushike. Nikauacha.

Siku mgeni alipokuja, mawingu yalikuwa yanakusanyika kama yanavyofanya huku karibu kila alasiri. Nilikuwa mlangoni nachambua maharagwe. Nikasikia mtu analia njiani.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, la sivyo utaniona mjinga. Mtu aliyepata habari za msiba akiwa amechelewa hulia kuanzia njiani mpaka kaburini, hata kama matanga yaliisha kitambo. Na mtu akija analia hivyo, humuulizi jina. Unamwacha alie. Unampikia. Akishakula, ndipo mnaulizana yeye ni nani na ni wa kwa nani. Kumuuliza kabla hajala ni kumwambia kwamba machozi yake huyaamini. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Wewe ungefanya nini?

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye uso mrefu na nyusi zilizokutana katikati. Ushike sana huo uso, maana tutaurudia. Alilia kaburini mpaka sauti ikakauka. Kisha akajifuta kwa kiganja, akaja mpaka mbele ya nyumba, akasimama akiutazama ukuta. Mimi hakunitazama.

"Mulamwa," akaniita, yaani shemeji. "Huu ndio ukuta wake?"

"Ndio."

"Na umeuacha ukae hivi? Nekesa angekuchapa."

Nilicheka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka. "Angenichapa na mwiko," nikasema.

"Tulikuwanga tunachora naye kwao, tukiwa wasichana. Niletee karai na maji. Nitamchora yeye mwenyewe, maisha yake yote, kila anayepita amwone."

Nikamwambia ale kwanza, kwamba maji ya ugali yako motoni.

"Nitakula nikimaliza," akasema.

Siku hiyo hakumaliza. Aliondoka kabla giza halijaingia, akisema analala kwa watu wake kule sokoni. Kesho yake akarudi, na siku iliyofuata pia. Kila mara nilipika, na kila mara alisema atakula akimaliza. Kwa hiyo sikumuuliza jina. Unaona jinsi mtu anavyoweza kufungwa na adabu yake mwenyewe?

Na hakuwa anachora bila kusimuliwa. Alichovya vidole kwenye udongo, akangoja. "Niambie ulimpata wapi," alisema.

Mimi si mtu wa maneno. Lakini yule mwanamke alinipa mgongo, na mgongo ni rahisi kuuambia mambo. Nikamwambia nilimpata Nekesa uwanjani, siku ya kupiganisha mafahali. Alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake. Fahali mmoja alishindwa, akageuka, akawakimbilia watu. Ngoma za isukuti zikanyamaza ghafla na kila mtu akatafuta njia yake. Nekesa alipanda mti akiwa na gauni la kanisani, na kiatu kimoja kikaanguka. Nilikiokota. Akanipigia kelele kutoka juu, "Wewe! Weka hicho kiatu chini, humjui mwenyewe!"

Yule mgeni alicheka kidogo. Vidole vyake vikapita ukutani na fahali akatokea, pembe nyeupe, shingo imeinama. Niamini, nilisikia vumbi puani. Wapiga ngoma wakatokea, watu wakikimbia wakatokea, na Nekesa akawa juu ya mti, mguu mmoja mtupu. Ila usoni mwake aliacha duara tupu.

"Uso ni wa mwisho," akasema.

Usiku huo nililala vizuri. Kabla ya usingizi nilitaka kukumbuka ile siku ya mafahali, kama nilivyozoea kufanya, na nikaiona iko mbali, kama kisa cha jirani. Mchungaji alikuwa ameniambia kwamba siku moja uchungu ungepungua. Nikadhani ndio huu umeanza kupungua. Nikashukuru, hata. Nikamshukuru Mungu kwa kumleta yule mgeni.

Siku zilizofuata nilimpa zaidi. Nilimsimulia jinsi uchungu wa kuzaa ulivyomshika Nekesa kwenye mvua, nikambeba kwa baiskeli kuelekea zahanati, tukaanguka kwenye matope, na yeye akiwa pale chini akasema, "Sasa unaniua kabla mtoto hajakuona." Nilimsimulia pia ule mwaka tuliokosana, akaenda kwao Matungu, nikakaa peke yangu nikila viazi. Siku moja akatokea mlangoni na kuku kwapani. "Sijarudi kwako," akasema. "Nimeleta kuku tu." Kuku akachinjwa, naye hakuondoka tena.

Vyote vikaenda ukutani. Baiskeli, mvua, kuku. Watu wa kijiji walianza kusimama njiani kutazama. Jirani yangu, Mama Alusa, alipita na mzigo wa kuni akautua kabisa.

"Baba Jentrix! Kumbe umeshapata wa kukukandikia? Na hata chai hukutuita!"

"Huyu ni mgeni wa msiba, mama. Wacha maneno."

"Mgeni wa msiba anachora kuku?" Akacheka peke yake. "Haya, mgeni, geuka basi tukusalimie."

Mgeni hakugeuka. Aliinua mkono wenye udongo juu ya bega, akaendelea.

"Ana haya huyu," akasema Mama Alusa, akajitwika kuni zake. Mpaka leo ndiye mtu pekee ninayeweza kumwita shahidi, na yeye aliona mgongo tu.

Siku ya mwisho mgeni alichora Nekesa mmoja mkubwa katikati ya ukuta, amesimama, mikono kiunoni. Kisha akasema, "Sasa nipe uso wake."

Nilimwambia. Uso wa mviringo, mweusi. Mwanya kwenye meno ya juu. Jicho la kushoto lililofumba kidogo kabla hajacheka, hata ukajua kicheko kinakuja. Nilisema polepole, kwa sababu nilikuwa nauangalia ule uso ndani ya kichwa changu niseme kila kilichokuwepo. Yeye akapokea kila neno kwa kidole. Na alipoondoa mkono, Nekesa alikuwa pale. Sisemi mchoro wake. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufumba. Nilipiga magoti kwenye matope, mzee mzima, nikalia.

Nilipoinuka nikasema, "Sasa njoo ule. Ugali umeiva, kuna na mboga."

Alikuwa ameinamia beseni, ananawa. Alinawa mikono, akanawa na uso, kwa muda mrefu, akiwa bado amenipa mgongo. Kisha akafunga leso yake kichwani, akatoka mbio ndogo kwenye mvua iliyoanza kudondoka.

"Hujala!" nikamwita.

"Nimeshiba, mulamwa," akajibu.

Hakuwa ameonja kitu nyumbani kwangu. Hata maji.

Asubuhi nilitoka kumsalimia mke wangu ukutani. Duara lilikuwa tupu. Mvua haikufika pale, paa linakinga vizuri, na michoro mingine yote ilikuwa kama ilivyoachwa. Pale penye uso palikuwa laini, kama mtu amepitisha kiganja. Nikaingia ndani haraka kwenye ile picha ya fremu tuliyoibeba siku ya mazishi, inayoning'inia juu ya meza. Ndani ya fremu alikuwa ananitazama mwanamke mwenye uso mrefu na nyusi zilizokutana.

Nikampigia Jentrix simu. Alifika akiwa na hofu, akidhani nimeanguka. Nikamwonyesha fremu.

"Nani alibadilisha picha?"

"Baba, hii ni ileile. Huyu ni mama."

"Huyu ni yule mgeni."

"Mgeni gani? Ona mwanya wake. Uone." Akashika kidole changu akakiweka juu ya kioo. Chini ya kidole changu mdomo ulikuwa umefungwa. Nilimwambia hivyo. Mtoto wangu alinitazama, kisha akatoa simu yake akanionyesha picha zingine, za harusi yake, za kanisani, za mama yake akimbeba mjukuu. Zote ni yule mwanamke. Amembeba mjukuu wangu. Jentrix alikaa chini akalia kama siku ya mazishi, na nilijua kwamba sasa ananililia mimi.

Tangu hapo kila nikifunga macho nikarudi uwanjani kwa mafahali, anayepanda mti ni yule mgeni. Kwenye baiskeli, ni yeye. Mlangoni na kuku, ni yeye, nyusi zimekutana, anasema hajarudi kwangu. Utauliza, sasa nimewezaje kukuambia habari za mwanya na jicho la kushoto? Maneno yamebaki. Nayajua kama mtu anavyojua jina la mto ambao hajawahi kuuona.

Nilienda Matungu kwa ndugu za Nekesa nikamtafuta yule mgeni. Shemeji yangu alinisikiliza vizuri. Akasema hapo kwao hapajawahi kuwa na msichana wa namna hiyo, na kwamba Nekesa alikuwa anachora peke yake, akiwafukuza wenzake wasimchafulie udongo. Pale sokoni kwetu hakuna aliyempa mtu wa namna hiyo malazi. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa wakaomba, wakapaka mafuta miimo ya mlango. Nikafikiri labda vitu vyangu viko ndani ya ukuta, nikichukua jembe nitavipata. Nilikwangua kila kitu, fahali, baiskeli, na yule Nekesa mkubwa, mpaka fito zikaonekana. Ulianguka udongo. Udongo tu, nikauzoa kwa beseni.

Jentrix anataka kunijengea ukuta wa simenti. Nimemwambia afanye apendavyo. Ile fremu aliichukua akaenda nayo Lugari, maana nilikuwa nimeigeuza ikatazama ukuta na ilimuumiza yeye na watoto wake. Mbele ya kaburi nikisimama kuomba, namwombea mtu nisiyemwona, na wakati mwingine nahisi nimekosea kaburi.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesikia haya. Akija mtu analia nyumbani kwako, mfungulie, mpikie, lakini muulize jina angali njiani, hata kama watu watasema huna adabu. Asipokula, asiguse kitu cha marehemu wako. Na akitaka kusimuliwa, usimpe vyote. Najua inavyopunguza mzigo kusema. Mimi nilipunguziwa.

Jambo moja sikumwambia yule mgeni. Haikuwa ujanja, niliona haya tu, kwa sababu ni la mume na mke. Lilitokea usiku, taa imezimwa, mvua inapiga mabati, na Nekesa alisema maneno machache karibu na sikio langu. Hilo bado ninalo. Sauti ni yake, hakuna mtu mwingine aliyeingia pale. Lakini kulikuwa na giza, kwa hiyo hata hilo halina uso.

Jentrix ameniomba nimwambie alichosema mama yake, angalau libaki na yeye nikiondoka. Nimemkatalia mtoto wangu mwenyewe. Kwa hiyo na wewe, uliyenisikiliza vizuri hivi mpaka mwisho, usiniulize.