Ngobi Iliyopigiliwa Misumari

Nilivumilia mara tatu. Mara ya nne nilimshika kijana wa watu kwenye kola ya shati, nikamwinua.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa cha mbao, mle ndani ya nyumba ya vitu vya zamani kijijini kwa koko wangu, mama mzaa mama, kwenye njia inayoacha mashamba ya mpunga ya Bwegera na kupanda kuelekea Lemera. Mguu mmoja juu ya mwingine, miwani ya jua ndani ya nyumba, simu mbele ya uso. Mwenzake alikuwa akimwelekeza: "Kunja sura kidogo! Mwami hacheke!" Kwenye ukuta, karatasi iliyoandikwa kwa kompyuta: KITI CHA MWAMI NA NGOZI YAKE YA KUKALIA, yaani ya mtawala wetu wa jadi. Na ile ngozi aliyoikalia, yenye kamba mbili ndefu zinazoning'inia mpaka chini, ilikuwa ngobi yetu. Ngozi ya kubebea watoto. Mama yangu alibebwa humo, mimi nikabebwa humo. Sasa iko chini ya makalio ya mtu nisiyemjua, imepigiliwa misumari minne.

"Toka! Toka juu ya ngozi ya batoto!"

"Mama, kuna nini? Balitupatia ruhusa!"

Konservateri, mtunzaji wa nyumba ile, akatoka mbio kwenye ofisi yake. Ni kijana mwenye shahada, kamati ya kijiji ilimleta kutoka mjini. Akasimama kati yangu na kiti, mikono imetanda kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani.

"Mama, usiguse! Hiyo iko patrimwani. Iko mali ya bantu bote."

"Bantu bote beko na majina," nilimwambia. "Hii iko ya kwetu. Sasa weye niambie: mwami mwenye alikalia hii ngozi anaitwa nani?"

Akaitazama karatasi ya ukutani. Mgongoni kwangu binti yangu Riziki, mwenye miezi minane, akaanza kulia ndani ya kitenge. Ndani ya kitenge! Ngozi yake iko hatua mbili mbele yake, na yeye analilia kwenye kitambaa cha dukani.

Ninyi mliokua nami mnaikumbuka nyumba ile kabla haijapata karatasi hata moja. Ilikuwa hangari ya pamba ya wakati wa Wabeleji, mabati yenye kutu, mlango mzito wa chuma uliokuwa ukilia kama ng'ombe ukifunguliwa. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Ndani kulinuka mafuta ya ngozi, vumbi na moshi wa zamani, harufu moja ambayo sijaikuta pengine popote. Sisi tulizaliwa Rugenge, mjini Uvira, tukijiona wa mji, lakini likizo ikifika mama anatufunga mizigo na kutupeleka kwa koko. Asubuhi tunafukuza ndege kwenye mpunga, mchana tunacheza nzango, kuruka na kupiga makofi, mpaka vumbi linatupaka magoti meupe, jioni bugali na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala tulizobeba wenyewe kutoka ziwani, zimetusindikiza njia nzima kwa harufu yao. Na lazima, kila likizo, siku moja ya kwenda kwa Baba Kilo.

Baba Kilo ndiye alikuwa mlinzi. Walimwita hivyo kwa sababu ujana wake wote alipima pamba ya watu mle hangarini. Baada ya vita vile vya kwanza, watu waliporudi kutoka walikokimbilia, kila jamaa ilikuwa imeokoa kitu kimoja au viwili: mtungi, mkuki, kibuyu cha maziwa, jiwe la kusagia, ngoma iliyopasuka. Nyumba nyingine hazikuwa na paa. Wakakubaliana vitu vikae hangarini, penye mlango wa chuma, na Baba Kilo ashike ufunguo. Hivyo tu. Hakuna aliyesema neno musee wala makumbusho.

Karatasi za kuandika majina ya vitu hazikuwapo. Karatasi zilikuwa sisi. Baba Kilo alitupanga mstari, mikono nyuma, anatembea na fimbo yake akigusa hewa juu ya kila kitu, hakigusi chenyewe.

"Hii?"

"Kibuyu!"

"Ya kwa nani?"

"Ya kwa Byamungu!"

"Ilifanya nini?"

"Ilibeba maziwa ya bibi-arusi!"

Ukikosea, unarudi mwisho wa mstari na kuanza upya kwenye kitu cha kwanza. Mimi niliwahi kurudi mwisho mara tano siku moja kwa sababu ya mikuki miwili inayofanana. Nililia, wenzangu wakacheka, na mpaka leo nikiamshwa usingizini nitakutajia mkuki upi ni wa nani. Alikuwa akituambia, "Hapa munaangalia na macho, halafu munaangalia na kinywa. Mikono ikae mugongoni." Mwalimu wa primeri alitupiga viboko na hesabu hatukuzishika. Baba Kilo hakumpiga mtu, na hatujasahau.

Na vitu vile havikulala pale. Hilo ndilo watu wa leo hawalielewi. Arusi ikifika, kibuyu kinatoka. Msiba ukifika, ngoma inatoka. Jamaa inakuja mchana, mbele ya majirani, inasema jina la kitu na kazi yake, Baba Kilo anakitoa. Kikirudi, kinarudi kimepakwa mafuta, na kikapu cha mchele pembeni. Kitu kilichokaa mwaka mzima bila kutoka kilimtia wasiwasi. Alimtuma mtu nyumbani kwa wenyewe kuuliza: "Kwenu hamuzae tena? Hamuoe?"

Ngobi yetu ilikuwa inatoka sana, kwa sababu jamaa letu tunazaa. Ni ngozi ya ndama, laini kama sikio, imekuwa nyeusi kwa samli na jasho la migongo ya wanawake niliowakuta na nisiowakuta. Kwetu mtoto akishapata nguvu ya shingo, anapelekwa kwa mkubwa wa wanawake wa jamaa. Huyo ndiye anayemfunga mama mtoto mgongoni, fundo moja juu ya ziwa, fundo moja kiunoni, wanakwenda mpaka mtoni na kurudi, mama haangalii nyuma. Basi, mtoto ameingia kwenye hesabu ya wenzake. Akishaanza kutembea hafungwi tena. Ngobi ni ya mtoto ambaye bado hajakanyaga udongo. Nilikuwa na miaka kumi hivi nilipomwona mdogo wangu akifungwa. Koko alikuwa na mikono ya chuma, mama yangu alilalamika, "Mama, unaniua," na koko akamjibu, "Nyamaza, batoto babebwe, si kuning'inizwa."

Leo mikono ile inatetemeka. Kikombe cha chai anakishika kwa yote miwili. Na katika wanawake wote wa jamaa, waliobaki na waliotawanyika Bujumbura na kwingine, ni yeye peke yake anayelijua lile fundo la juu.

Sasa niseme na la kwangu, maana sitaki mtu mwingine anisemee. Baba Kilo alipokufa, kamati iliita jamaa zote zifike siku moja kusema vitu vyao, viandikwe. Koko alinitumia ujumbe nimpeleke, kwa sababu hawezi tena njia ya hangarini peke yake. Nilikuwa na mimba changa, natapika kutwa, nikasema tutaenda wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Koko alikaa mlangoni amevaa kikwembe chake kipya mpaka jua likazama. Konservateri alikuta ngozi haina mwenyewe, akaona kiti hakina mto, akafikiri kwa kichwa chake cha chuo: ngozi nzuri, kiti kikubwa, basi ni mwami. Akapiga misumari. Na kiti chenyewe, jamani! Mliopita kwa Baba Kilo, si mnakijua? Kiti cha mpima pamba! Huyo mzee alikikalia akinywa kikombe chake cha uji kila asubuhi. Leo watu wanakipiga picha wakikunja sura.

Riziki alipozaliwa nilikwenda kuiomba. Mara ya kwanza konservateri aliniambia nilete karatasi ya shefu wa mtaa. Nikaleta. Mara ya pili akataka barua ya kamati. Mara ya tatu nilikuja nayo, nikakuta yuko kwenye semina, ufunguo ameondoka nao. Kila safari ni taximoto kutoka Uvira, mavumbi, vizuizi barabarani ambapo unajibu maswali huku mtoto amekauka koo, na kila safari koko ananiuliza, "Imetoka?" Mara hizo zote niliishia mlangoni. Sikujua iko kwenye kiti. Hiyo mara ya nne mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya wale wageni wa picha.

Konservateri aliposhindwa kulitaja jina la mwami, akageuza maneno. "Mama, kama ni yenu, onyesha karatasi."

"Karatasi ya ngobi? Weye ulizaliwa na karatasi ya ngobi?"

"Nitaita polisi."

"Ita. Nikiwa na mutoto mugongoni hivi, ita."

Wale vijana wa picha walikuwa wameshageuza simu kwangu. Hawa ndio watoto wa siku hizi: wanaingia penye vitu vya babu zao na kuvitazama kwa migongo, uso uko kwenye simu. Mmoja akasema polepole, "Lakini iko na kamba, kweli. Kiti hakifungwe na kamba." Angalau huyo ana macho.

Nilishika ukingo wa ngozi. Msumari mmoja ulikuwa umelegea, ningevuta ungetoka. Konservateri aliona. Hakunishika, aliogopa mtoto. Nikajua naweza. Nikiwahi mlango, pikipiki inaningoja nje. Nikampigia koko simu, ngozi bado iko mkononi, nikamwambia: "Koko, niko nayo. Nivute nikimbie nayo?"

Nilimsikia akiweka kikombe chake chini.

"Iache," akasema.

"Koko!"

"Ukiiba kitu yako mwenyewe, inageuka ya bengine. Baba Kilo hakumupatia muntu kitu kwa kujificha. Itatoka muchana, bantu banaona. Andika. Si tulikusomesha?"

Nikaiachia. Hakuna kitu kilichoniuma zaidi, hata uchungu wa kuzaa.

Nikirudi Uvira nilikuwa nalinganisha njia nzima. Zamani yetu tulikuwa na hangari lenye kutu na mzee mmoja asiyejua kutumia kompyuta, na kila kitu kilikuwa na mama yake. Leo kuna taa, kuna rangi ukutani, kuna karatasi zenye maandishi mazuri, na vitu vimekuwa yatima. Zamani mlango ulifungwa ili kitu kisipotee. Leo umefunguliwa kwa kila mtu, isipokuwa kwa mwenyewe. Nawakumbuka wale watoto wa mstarini, mikono nyuma, tunapiga kelele majina ya jamaa mpaka mabati yanajibu. Tuko wapi? Tungekuwa pale siku moja tu, ile siku waliyotuita, karatasi ile isingeandikwa.

Kesho yake nilinunua karatasi kubwa mbili, nikaandika bila kufuta neno. Kwenye ofisi ya utamaduni mjini, mwanamke wa mapokezi alinitazama, akatazama mtoto, akauliza, "Mama, nani alikuandikia?" Nikamjibu, "Minye mwenyewe. Niko na diploma ya Leta, ya serikali." Sikuondoka mpaka kopi yangu ikapigwa muhuri. Hii hapa, kama ilivyopokelewa:

*Kwa Bwana Mkuu wa ofisi ya utamaduni, Uvira.*

*Yahusu: malalamiko juu ya ngozi ya kubebea watoto iliyopewa jina lisilo lake na kupigiliwa misumari.*

*Bwana Mkuu,*

*Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mkaaji wa Rugenge, nalalamika kama ifuatavyo. Katika nyumba ya vitu vya zamani ya kijiji cha koko wangu kuna ngozi iliyopigiliwa kwenye kiti na kuitwa ngozi ya mwami. Si kweli. Ni ngobi ya jamaa letu. Tuliiweka pale itunzwe, hatukuitoa iwe ya mtu mwingine. Inakaliwa na watu wazima wanaopiga picha. Kwetu hilo ni tusi.*

*Nakubali kwamba siku jamaa zilipoitwa kusema vitu vyao, hatukufika. Kosa hilo ni langu, si la koko wangu. Lakini baada ya hapo nimekwenda mara nne na karatasi zote nilizoombwa.*

*Naomba mambo matatu. Misumari itolewe na mtu mwenye mkono wa polepole, na koko wangu awepo. Karatasi ya ukutani iondolewe, na jina la kweli liandikwe na jamaa. Ngobi itoke kwa siku moja, mchana, mbele ya majirani, nami nitairudisha imepakwa mafuta.*

*Sitaki kiti. Sitaki fidia. Konservateri asifukuzwe; afundishwe, mashahidi wa kumfundisha wako wengi na naweza kuwaleta.*

*Bwana Mkuu, najua barua nyingi hukaa mezani. Hii isikae. Koko wangu bado anaweza kufunga fundo leo. Mwezi ujao sijui. Na mtoto wangu jana alijiinua kwa kushika mguu wa meza, akasimama kidogo, akaanguka. Kesho atasimama tena.*

*Nangoja jibu lako.*

*Sifa, mama ya Riziki.*