Nani Anaibomoa Ngome ya Mpwa Wangu?

(Jina na mtaa wa msomaji huyu tunavyo sisi, na vitabaki kwetu.)

Ndugu mhariri, na ninyi wasomaji mnaopenda mambo ya watu, naanza na ukweli: kwa kazi ya mbao hakuna wa kunifikia kuanzia Ilemela hadi Busisi. Wale Wajerumani waliojenga maboma yao wakifufuka leo, watapanga foleni mlangoni kwangu waombe kazi ya kunishikia msumeno. Nina miaka ishirini na moja. Shule niliishia kidato cha pili, siyo kwamba nilishindwa, ila walimu walikuwa wamemaliza vya kunifundisha.

Naishi kwa dada yangu, huku vilimani kwenye mawe. Mume wake ni seremala, mtu wa Kagera, mpole, si msemaji. Nyuma ya nyumba ana banda la mabati, ndimo tunamofanyia kazi. Wana mtoto wa kiume wa miaka saba. Huyo mpwa wangu aliteleza akiruka mawe, paja likavunjika, akafungwa plasta na kuambiwa asinyanyuke kitandani. Alilia mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nikamwambia, "Nyamaza, mjomba wako atakujengea ngome ya mbao, na wewe ndiye mkuu wa majeshi." Akanyamaza palepale.

Nikaijenga kwa vibao vya makasha, minara pande zote, lango la kupanda na kushuka kwa uzi. Shemeji akasema nitumie misumari midogo. Misumari ni ya watu wasiojiamini! Siku hizi kule mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa, watu wanagombania mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni ambavyo zamani tulikuwa tunatupa, maana wazungu wanavitaka. Kijana mmoja akaninong'oneza kwamba huko Ulaya wanavipika wanatoa gundi. Nikaomba vichache, nikachemsha mpaka vikawa uji mzito.

"Hiyo ni gundi au supu?" dada aliniuliza, kaziba pua.

"Gundi, dada. Ya kimataifa."

Na ilishika! Jioni niliiacha ngome bandani imesimama kama mwamba. Asubuhi nikakuta mnara mmoja chini. Nikaunga. Kesho yake, lango. Halafu ukuta mzima. Hapo mtu mwenye akili kama zangu anaanza kujiuliza: mbona hakuna kibao kilichovunjika? Viungo vimeachana vizuri, visafi, kama vimepanguswa. Nani anajua kufungua viungo bila kuumiza mbao? Seremala. Na seremala mwingine pale nyumbani ni nani?

Nikaanza kumchunguza shemeji. Kila nikimwambia imeanguka tena, anasema "Pole," anaendelea kupiga randa. Pole gani fupi hivyo? Nikakumbuka mtoto akiamka anamwulizia mjomba kabla ya baba. Nikasema hee, kumbe ni wivu. Nikamwaga unga wa mbao sakafuni kuzunguka ngome. Asubuhi nikakuta nyayo za katambuga zake, zile ndala za tairi, zimefika mpaka kwenye ngome na kurudi. Kulikuwa na vialama vingine vidogo vidogo, sikuvijali. Mimi nilikuwa natafuta mtu.

Mchana tulikula chumbani kwa mtoto ili asijisikie mpweke. Ndipo nikafyatuka.

"Shemeji, unatafuta nini kwenye ngome yangu?"

"Nilisikia kitu kinaanguka, nikaingia kuokota vibao. Vingekanyagwa."

"Kuokota! Sema kubomoa."

"Wewe, koma!" dada akadakia. "Unaongea na mkubwa wako."

Shemeji akacheka kidogo. "Bwana mdogo, nimbomolee mwanangu mwenyewe ili nipate nini?"

Kile kicheko kilinichoma. Nikasema, "Mwanao? Angekuwa mwanao ungemjengea wewe. Umemkuta ameshazaliwa huyu."

Wasomaji, dada yangu aliolewa mtoto akiwa mgongoni. Tulikubaliana ukoo mzima kwamba ataambiwa akishakua, na shemeji ndiye aliyeomba amwambie mwenyewe. Dada aliinuka akatoka. Shemeji akarudisha tonge sahanini, akamgeukia mtoto. "Kula, baba." Mtoto hakula.

Nikaenda bandani na hasira zangu. Nikamkuta paka wa nyumbani amejilaza katikati ya ngome, kafumba macho, analamba kiungo cha mnara taratibu. Mnara ukaanguka. Akahamia wa pili.

Sasa ngome iko kando ya kitanda. Shemeji aliipigilia misumari midogo, lakini mkuu wa majeshi haigusi. Juzi aliniita nikainama, nikidhani anataka kujua lango linavyopanda. "Mjomba, kama mimi siyo wa baba, ni wa nani?" Mimi mwenye majibu ya kila kitu nikasema naenda kuchota maji. Dada hanisemeshi. Shemeji bado anaitikia shikamoo yangu, na bora angenipiga.

Ninyi mliolea watoto, niambieni: nimjibu mwenyewe, nimsubiri shemeji aseme, au nihame kwanza? Kuhusu gundi msihangaike kunishauri, gundi ilikuwa nzuri, hata paka ni shahidi. Kilichoharibika ni kimoja. Nilimwambia mtoto aliyelala na plasta, asiyeweza hata kukimbia asinisikie, kwamba baba yake siyo baba yake.