Levina na Nyimbo za Kwenye Flashi

Kama kuna kitu kilichomchosha Levina, ni watu wanaokumbuka. Anauza asali mtaa wa Ng'ambo, kwenye kibanda cha mbao karibu na nyumbani kwake, na hapiti mteja wa umri wake bila kuleta habari za baa ya Mwanzo Mgumu. Hapo ndipo alipokuwa akiimba na bendi ya Miombo Sauti kila Jumamosi, mpaka vyombo vilipochakaa na disko likachukua ukumbi.

"Nakukumbuka umevaa gauni jekundu, ukalia jukwaani," mmoja atamwambia.

"Sijawahi kuwa na gauni jekundu. Na sikulia, nilikuwa na mafua. Utachukua lita au nusu?"

Mwingine ataapa kwamba ndiye aliyembeba mpiga tumba siku alipozimia. Wanaodai walimbeba mpiga tumba yule sasa wanatosha kubeba jeneza.

Kwa hiyo Yoramu, aliyerithi baa kwa baba yake, alipomwomba aimbe kwenye Jumapili ya Kumbukumbu, siku ya nyimbo za zamani pale baa, Levina alimkatalia. Yoramu akarudi, akakataliwa tena. Halafu akaleta habari kwamba Alois, mpiga gitaa la solo, amekubali kuja kutoka Urambo. Hapo Levina akalegea. Alois alikuwa mtu pekee asiyemkumbusha lolote.

Walifanya mazoezi wiki nzima uani kwa Levina. Vidole vya Alois vilikuwa vimekakamaa kwa kazi ya tumbaku. Levina akamkaripia, naye Alois akamkaripia kwa kupandisha sauti pasipopandishwa. Majirani wakaja na vigoda vyao kusikiliza.

Jumapili alasiri wakakuta ukumbi umejaa. Jukwaani palikuwa na spika mbili kubwa, kompyuta na kipaza sauti. Alois akazunguka na waya wa gitaa mkononi, hakuona amplifaya ya kuuchomeka.

"Shikamoo mama," akasema Yoramu. "Msihangaike. Nyimbo zenu nimezirekodisha upya Mwanza, zimo kwenye flashi. Nyie simameni tu, wewe mama ufungue mdomo."

"Marahaba. Nifungue mdomo niimbe?"

"Ufungue tu."

"Na wiki nzima tuliyogombana uani?"

"Si mmechangamka, mama?"

Alois aligeuka aondoke, lakini watu walikwisha kuanza kupiga makofi. Levina akamvuta shati, wakapanda. Sauti ya msichana ikatoka kwenye spika, laini, tamu, na Levina akafungua mdomo. Alivumilia mpaka ubeti wa pili. Ule Levina aliutunga wakati mumewe anaumwa, akimsihi angoje mvua ipite ndipo aende. Huko Mwanza mtu aliuona una huzuni, akaweka, "Twende kwa Yoramu, bia ni ya baridi."

Levina akafunga mdomo. Sauti ikaendelea kuimba. Watu wakacheka, simu zikainuliwa. Akaiendea kompyuta, akachomoa flashi, akaitumbukiza kifuani.

"Mama! Humo mna kazi zangu zote!"

"Kaa chini, Yoramu."

Akachukua kipaza sauti, akakishikilia mbele ya nyuzi za gitaa la Alois, na yeye mwenyewe akaimba kwa koo tupu.

"Ongeza sauti!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

"Nyamaza utasikia!"

Wakanyamaza, meza moja baada ya nyingine. Sauti yake ilikwaruza, na mahali pamoja ilikatika kabisa. Alois akakosea palepale alipokuwa akikosea uani, akatupiwa jicho. Lakini ubeti ule Levina aliuimba wote, polepole.

Kesho yake Yoramu akafuata flashi yake. Akaomba waje kila mwezi.

"Amplifaya kwanza," Levina akamjibu.

Yoramu akaazima moja kanisani. Inanguruma vibaya, na kila wakipiga Levina hukatiza wimbo katikati kumwambia Yoramu aitazame. Yoramu huinuka, huipiga kofi, huketi. Ngurumo iko palepale, na Levina huanza wimbo upya akiwa amenuna.